Maji ya Mgodi Uani kwa Mama

Kaka yangu alitutangazia kwamba atakunywa maji ya mgodini wakati tunakula ugali kwa dagaa, na alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyokuwa ametumia muda mfupi kabla kuomba chumvi. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama mimi, kisha sote wawili tukamgeukia yeye, naye akaendelea kuchambua mifupa ya dagaa kana kwamba amesema kesho kutakuwa na jua.

Maji yenyewe hayakuwa mbali. Yalikuwa hapo hapo uani, ndani ya banda lililokuwa la kuku, kwenye madumu yaliyopakwa rangi nyekundu ili asije mtu akakosea. Ndani yake mlikuwa na sayanaidi, dawa wanayotumia wachenjuaji kutoa dhahabu kwenye mchanga, na ambayo ikishamaliza kazi yake hubaki ndani ya maji na kuua chochote kinachoyanywa. Glasi moja ingetosha kummaliza. Hilo hatukulisikia mtaani, yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia.

"Unakunywa nini?" nilimuuliza, nikidhani labda masikio yangu ndiyo mabovu.

"Yakishasafika. Sinywi hivi yalivyo."

"Na nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeahidi."

Mama aliweka bakuli la mchuzi chini. "Baba," alisema, maana alimwita hivyo tangu mdogo, kwa kuwa ndiye aliyerithi jina la babu yetu mzaa Mama, "umeahidi watu kunywa sumu?"

"Itakuwa si sumu tena, Mama. Yatakuwa maji."

Nilinyanyuka na sahani yangu nikaenda kula jikoni. Nina tabia hiyo mpaka leo: nikishtuka sana huwa nakasirika, na nikikasirika sitaki kuona sura ya aliyenikasirisha.

Lakini nisimwonee kaka yangu. Jambo lile halikuanza kwa ujinga. Tulikuwa watatu katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu pale Chang'ombe: Mama, kaka yangu, na mimi niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Mimi nilikuwa nauza mitumba Tandika. Kaka alifanya kazi kwenye maabara ya kemia ya chuo kimoja mjini, hajaoa, na Mama alikuwa ameshachoka kumuuliza ataoa lini. Zilikuwa enzi za ruksa. Madukani vitu vilikuwa vimejaa mpaka mtu unasahau ulikuja kununua nini, na kila kona ilikuwa na mtu aliyetoka kanda ya ziwa na habari za dhahabu. Wawekezaji walikuwa wanaingia, machimbo yanafunguliwa, na nyuma ya kila chimbo kulikuwa na bwawa la maji machafu ambalo hakuna aliyetaka kulizungumzia.

Idara ya kaka ndiyo iliyoombwa kutafuta njia rahisi ya kuyasafisha. Walikuwa na taa maalumu ya maabara, ya mwanga mkali usioonekana vizuri kwa macho, lakini mgawo wa umeme wa miaka ile uliifanya ile taa kuwa pambo. Leo umeme upo asubuhi, kesho haupo kabisa. Kaka akawaza kwamba taa yenyewe inaiga jua, na jua Dar es Salaam halikatiki. Chuoni mkubwa wake wa kazi hakutaka sumu iwekwe nje mahali wanapopita wanafunzi. Basi kaka, bila kutuuliza, akayapakia madumu kwenye pikapu na kuyaleta nyumbani kwa mama yake.

Siku yalipofika, mimi nilikuwa nimerudi sokoni na kiu ya kufa mtu. Miaka ile bomba lilikuwa linatoa hewa, tulinunua maji ya mkokoteni, na ua wa kila nyumba ulikuwa na madumu yale yale ya njano yaliyoishiwa mafuta ya kupikia. Nikayaona yamepangwa ukutani, yamejaa. Nikasema moyoni, leo kaka kafanya la maana. Nilichukua kikombe, nikafungua kifuniko cha dumu la kwanza, nikaliinamisha.

Ukelele aliopiga kaka sijawahi kuusikia tena kutoka kwa mwanamume. Alikuja mbio kutoka chumbani, kifua wazi, akanipokonya kikombe akakitupa upande wa pili wa ua. Aliponieleza kilichokuwemo, nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Kisha nikamtukana. Nilimtukana matusi ambayo mdogo hamtukani mkubwa wake, Mama akiwa anasikia, na Mama hakunikataza. Kesho yake ndipo alipoyapaka madumu rangi nyekundu na kuyafungia bandani kwa kufuli.

Alitueleza jinsi atakavyoyasafisha, na alieleza vizuri, sina budi kumpa haki yake. Alikuja na unga mweupe kwenye chupa ya kahawa, laini kuliko sembe. Alisema unga wa jamii hiyo ndio unaotiwa kwenye rangi nyeupe za ukutani, isipokuwa huu wake ni aina yenye makali zaidi. Aliuita kichocheo.

"Wenyewe hauishi wala hauyeyuki," alisema. "Ukipigwa na mwanga unaamka. Sumu ikiugusa inavunjwa vipande vipande mpaka haiwi sumu tena. Mwanga ukikosekana, unga unalala, na sumu inabaki vile vile."

"Mwanga unavunjaje kitu?" nilimuuliza. "Mwanga una mikono?"

Alinishika bega akanionyesha marobota yangu ya mitumba barazani. "Lile shati unalotundika mbele kabisa ya meza yako, la kijani. Sasa hivi lina rangi gani?"

Lilikuwa limepauka bega moja. Nilikuwa nimelilaumu jua kwa maneno makali tangu wiki iliyopita, kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Mama naye alikuwepo, anachagua mchele kwenye ungo. Alisikia yote, akaitikia "ehee" pale inapotakiwa kuitikia. Kaka alimgeukia akasema wazi kabisa kwamba mabeseni yatakaa bila kufunikwa, jua liyafikie.

Hapo inabidi nieleze Mama alivyokuwa. Kwake maji yaliyoachwa wazi yalikuwa aibu ya nyumba. Alizaliwa Temeke, akalelewa na bibi aliyekuwa akipita chumba hadi chumba jioni kufunika mitungi, na Mama hakuwahi kuiacha desturi hiyo. Hata ndoo ya kudekia ilikuwa na kifuniko chake. Ukiacha jagi la maji wazi mezani, hakugombezi. Anakuja polepole, anafunika na kisahani, anaondoka, na wewe unajisikia umekaa uchi. Na hapo Chang'ombe, moshi wa viwanda ukiwa unatua juu ya kila kitu, wala huwezi kusema alikuwa anazidisha.

Kaka alianza na chupa ndogo. Alizilaza juu ya bati la paa, zikashinda juani, jioni anapanda ngazi kuzishusha. Alikuwa na vikaratasi vya njano alivyovitengeneza mwenyewe maabara. Akitia tone la asidi kwenye maji na kukining'iniza kikaratasi juu yake, sumu ikiwepo kinageuka chekundu. Cha maji yasiyotiwa unga kiligeuka chekundu kama damu ya mzee. Cha maji yaliyokaa na unga juani siku kadhaa kilibaki njano. Alikuwa anarukaruka uani kama mtoto aliyepewa baiskeli, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilipiga makofi.

Kisha akachukua likizo yake ya mwaka, akanunua mabeseni mapana ya plastiki, akajaribu kwa wingi. Alikaa nayo mwenyewe. Anakoroga kwa mpini wa mwiko maana unga ule huzama, anafukuza kuku, anahamisha mabeseni kivuli cha ukuta kinapoyafikia. Mwisho wa wiki alipima: njano. Vikaratasi vyake vyote viliishia hapo, na dawa ya kutengenezea vingine ilikuwa imeagizwa nje na haijafika.

Ilikuwa katika kipindi hicho ndipo alipokuja yule mzee. Alikuwa Msukuma, mtu wa ng'ombe, aliyetumwa na wenzake kutoka kijiji kilicho jirani na machimbo. Ng'ombe zake walikuwa wameingia kwenye bwawa la mgodi wakanywa, wakafa. Alikuwa amezunguka ofisi nyingi za mjini, na kila ofisi ilimwambia kwamba maji yameshashughulikiwa, ni safi. Alipofikishwa kwa kaka na kuelezwa habari za unga na jua, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kama kaka alivyotusimulia: "Kijana, maneno nimeyasikia mengi. Mie nitaamini nikimwona mtu anakunywa."

Kaka akamjibu, "Nitakunywa mbele yako."

Basi ndiyo ahadi yenyewe. Jumamosi, nyumbani kwetu, kwa sababu mabeseni yako kwetu.

Nilimfuata chumbani kwake baada ya ule ugali. Nilimwambia apime kwanza.

"Vikaratasi vimekwisha, si unajua?"

"Basi subiri hiyo dawa ije."

"Mzee anarudi kwao wiki ijayo. Nikimwambia asubiri, nitakuwa sawa na wale wote waliomdanganya." Kisha akahesabu kwa vidole, kwa utulivu wa kuudhi: "Maji ni yale yale. Unga ni ule ule. Jua ni lile lile. Ya kwanza yalisafika, kwa nini haya yasisafike?"

Nilitoka nikabamiza mlango. Mama alikuwa amesimama ukumbini, amesikia. Nilitegemea alie, au amtishie kumnyima radhi, maana silaha hiyo alikuwa nayo. Hakufanya lolote. Aliuliza tu, "Jumamosi?" nikamwambia ndiyo, akaenda kulala. Nilishangaa jinsi alivyokubali upesi.

Jumatatu kaka alijaza mabeseni upya, akatia unga, na likizo yake ikawa imekwisha. Alimwomba Mama awe anakoroga mara kwa mara na kufukuza kuku, basi. Mimi nilikuwa naondoka alfajiri kuwahi marobota yanapofunguliwa, nikirudi magharibi imeshaingia. Kaka alitoka nyuma yangu kidogo, na kwa shida za usafiri alirudi baada yangu. Mchana kutwa nyumbani alikuwepo Mama peke yake. Jioni tuliyakuta mabeseni wazi, yamepangwa vizuri, mwiko umelazwa pembeni, maji yana joto la kuogea. Kaka alitia kidole kwenye ukingo wa beseni akafurahi. "Jua la wiki hii si mchezo," alisema.

Mara moja nilimuuliza Mama, kwa kejeli, "Vipi maji ya mwanao?"

"Yanaiva," alinijibu.

Nilicheka. Nilidhani ni maneno yake tu, mtu wa jikoni huona kila kitu kinaiva.

Jumamosi sikwenda sokoni. Nilisema liwalo na liwe, lakini siwezi kuwa Tandika napiga kelele za "chagua mia mia" wakati kaka yangu anakunywa sumu nyumbani. Mama aliamka akapika pilau. Ilikuwa pilau yake ya sikukuu, anayoipalia: ikikauka maji anaifunika kwa sinia la bati, anapanga makaa ya moto juu ya sinia, moto chini umebaki kidogo tu, ili joto lishuke kutoka juu na kila punje ya mchele isimame peke yake. Mtaa mzima ulijua siku Mama anapopalia.

Kaka alichuja maji kwa kitambaa mara mbili, akayatia kwenye jagi la kioo. Yaling'aa. Ukiyaona huwezi kuyatofautisha na ya bomba, na nasema kweli ya bomba yetu yalikuwa na kutu zaidi. Alivaa shati jeupe nililomchagulia mwenyewe kutoka robota la daraja la kwanza. Nilimfunga kifungo cha shingo. Alikuwa ametulia kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Wageni walikuwa wawili, mkubwa wake wa kazi na yule mzee. Mzee alikuja na fimbo yake na koti zito la bara, jasho linamtiririka. Alipomwona Mama aliinama kidogo akamwita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwao, akauliza hali yake, ya nyumba, ya watoto. Tulimwamkia shikamoo, akaitika polepole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini nilishindwa.

Kwetu mgeni haelezwi shida kabla hajala. Tukatandika mkeka uani, sinia la pilau likaja, tukala. Ninasema tukala, lakini mimi nilikuwa nasogeza mchele kutoka upande mmoja wa sinia kwenda mwingine. Jagi lilikuwa juu ya stuli karibu na ukuta, limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, na glasi moja pembeni. Mkubwa wa kaka alikuwa akizungumzia bei ya saruji. Mzee alikula kwa adabu na kila mara macho yake yalikwenda kwenye lile jagi.

Tuliponawa, kaka alisimama. Alifunua jagi, akamimina, akaijaza glasi mpaka juu. Alisema maneno machache ambayo sikuyasikia, maana nilikuwa naitazama ile glasi tu. Akasema bismillahi. Akainua glasi.

"Subiri, kijana," alisema mzee.

Kaka alisimamisha mkono. Glasi ilikuwa imefika kidevuni.

Mzee akamgeukia Mama. "Mayu, kwetu mtu hafanyi jambo la hatari mbele ya mama yake bila mama kusema. Wewe ndiye uliyemzaa. Umeridhika anywe?"

Mama alijiweka vizuri khanga yake. Uso wake ulikuwa umetulia, tena una furaha, furaha ya mtu anayeulizwa jambo ambalo alitamani kuulizwa.

"Nimeridhika," alisema. "Maji haya nimeyashughulikia mwenyewe. Nimeyapalia wiki nzima."

Kwa sekunde chache hakuna aliyeelewa. Mimi nilielewa nusu.

"Umeyafanyaje, Mama?" kaka aliuliza.

"Nimeyapalia. Sie wapishi tunajua, baba, nyie mnasoma tu. Jua la wazi linapotea bure, joto lote linaruka juu. Pilau gani inaiva bila kifuniko? Mkishaondoka asubuhi naweka mabati juu ya mabeseni, yale yaliyobaki tulipoezeka jiko. Mchana bati ukiligusa linakubabua, na maji chini yanafuka mvuke! Jioni nafunua yapoe kabla hujarudi." Akamgeukia mzee. "Hayakuingia vumbi wala sizi. Ningemwacha mwanangu anywe maji ya wazi?"

Nilimtazama kaka. Sijui niuelezeje uso wake. Nimeona watu wakifiwa, nimemwona mume wangu siku nilipomkuta na mwanamke mwingine, lakini uso unaoondokewa na damu namna ile nimeuona mara moja tu maishani. Wiki nzima. Wiki nzima mwanga haukuyagusa yale maji. Unga ulilala chini ya mabati, na sumu yote ilikuwemo, katika glasi ile, kidevuni pake.

Kaka alishusha mkono polepole sana, akaweka glasi juu ya stuli. Maji yalimwagika kidogo ukingoni.

"Sinywi," alisema.

Mkubwa wake alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyeaibika kwa niaba ya mwingine. Mzee hakucheka. Alitikisa kichwa, akaokota fimbo yake, akaanza kunyanyuka.

"Nilijua," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na ingekuwa nayo ingekuwa afadhali. "Wote mnasema safi. Wote hamnywi."

Kaka alikuwa anajifuta midomo kwa mkono wa shati. Nafikiri alikuwa bado anajiona ameshakunywa.

Na Mama alikuwa anawaangalia hawa wote. Alichokiona yeye ni kwamba mwanawe ameingiwa na woga mbele ya wageni, mbele ya mkubwa wake wa kazi, na mgeni anaondoka akimwona mwongo, wakati kazi imefanyika, na yeye ndiye aliyeifanya kwa mikono yake. Alisimama. Alikuwa karibu na stuli kuliko sisi sote.

"Basi kama mwanangu anaona haya," alisema, "mie nitakunywa."

Akaishika glasi akaipeleka mdomoni.

Sikumbuki kuvuka mkeka. Nakumbuka mlio wa kofi. Nilimpiga Mama mkono, nilimpiga kwa nguvu zangu zote kama anavyopigwa mwizi, na glasi ikaruka ikapasukia kwenye saruji ya karo.

Mkubwa wa kaka alishika kichwa. Mzee alibaki nusu amesimama, nusu ameinama, anatazama mkono wangu, maana alikuwa amemwona binti akimpiga mama yake mzazi mbele ya wageni, na nadhani katika safari yake yote hiyo mjini hakuwahi kuona la kumshtua kiasi kile. Mama alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na mshangao mtupu, wa mtu aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Midomo yake ilikuwa mikavu, nilihakikisha, niliikodolea macho mpaka nikahakikisha. Kisha nikaanza kulia na kumburuta karoni, nikamnawisha mikono kwa sabuni, viganja, viwiko, mpaka kwenye kucha, na yeye akiniachia tu kama mtoto anayeogeshwa.

"Umenipiga," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini umenipiga?"

Kaka ndiye aliyemjibu. Alikuja akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na shati lake jeupe. Hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba joto halikuwa na kazi yoyote pale, kwamba maji yale hata yangechemka yangebaki na sumu yake. Kilichotakiwa ni mwanga peke yake, na mabati yaliuzuia. Kila siku aliyoyafunika ilikuwa siku ambayo hakuna kilichofanyika. Alisema yote hayo akimshika mikono, na mzee alikuwa anasikiliza. Nilimwona mzee akiketi tena juu ya mkeka na kuiweka fimbo yake chini.

Mama alikaa juu ya ukingo wa karo. Alimwuliza yule mzee, "Ng'ombe zako walikunywa mengi?"

"Hapana, mayu," alisema mzee. "Walikunywa kidogo tu. Wengine hawakufika hata kutoka bwawani."

Mama alitazama vipande vya glasi na doa la maji lililokuwa linakauka juani.

"Huyu mgeni asingeniuliza," alimwambia kaka, "ungekunywa?"

"Ningekunywa, Mama."

"Na mie nimekaa pale, nakuangalia."

"Ndiyo."

"Nimefurahi. Najua nimekupikia vizuri."

Mama alinyoosha mkono, ule ule niliompiga, umeshaanza kuvimba, akauweka juu ya mdomo wa mwanawe. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, mbele ya mkubwa wake wa kazi, na mama yake amemziba mdomo kwa kiganja kama unavyomziba mtoto aliyeokota kitu sakafuni. Adhana ya alasiri iliadhiniwa mpaka ikaisha, Mama hajautoa mkono, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia autoe.